Anayehesabu Ushindi: Vinyoya, Mbina na Lelemama katika Njia ya Misafara

Tarehe 1 Oktoba 2023, mjini Hangzhou, wanawake wa Korea Kusini waliishinda China 3-0 katika fainali ya timu ya mpira wa vinyoya ya Michezo ya Asia. An Se-young alimwondoa Chen Yufei, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Baek Ha-na na Lee So-hee wakawashinda Chen Qingchen na Jia Yifan. Kim Ga-eun akafunga kazi dhidi ya He Bingjiao. Korea haikuwa imeshika dhahabu hiyo tangu Hiroshima mwaka 1994, na sasa imeichukua mbele ya Wachina, nyumbani kwa Wachina. Ratiba ilikuwa na michezo 5. Miwili haikuchezwa, kwa kuwa aliyefikisha mitatu amekwisha kushinda, na walioandikwa kwa mchezo wa nne na wa tano walimaliza fainali bila kazi yao kuhitajika.

Mpangilio huo una uzuri wake, na nitausifu. Lakini anayezijua ngoma za Tanzania magharibi hawezi kuutazama bila kuuliza maswali mawili: nani ameuhesabu ushindi huu, na nani amehesabiwa ndani yake? Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi wana jibu lao. Wanawake wa pwani wana lao. Majibu hayo yalikutana katika nchi ya Tabora kwa miguu ya watu, na naamini yana jambo la kuufundisha mchezo wa raketi ikiwa kweli tunataka wasichana wa shule zetu waushike.

Tabora ya karne ya 19, ambayo watu wa misafara waliijua pia kwa jina la Kaze, ilikuwa njiapanda. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, ikagawanyika: mkono mmoja ukaendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Burton na Speke walifika hapo mwishoni mwa mwaka 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872. Vitabu vya wasafiri wa namna hiyo vimejaa pembe za ndovu, vitambaa, shanga na wanaume waliovibeba. Wanawake wamo kwa uchache, kama kwamba walipita tu, ilhali walitembea safari ileile, wakibeba vyungu, mikeka na watoto, wakiwasha moto kambini wakati wapagazi wamekwisha kutua mizigo. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika juu ya wapagazi wa njia hiyo, ameonyesha kwamba wanawake hao walikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo jambo litakaloturudia: kundi lina watu wanaoonekana na watu wanaolibeba kundi, na kila desturi ina namna yake ya kuamua kama hao wa pili wataandikwa.

Misafara nayo ilikuwa na mashindano yake. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, amejipamba, ngoma ikilia, na kupitwa njiani na msafara mwingine ilikuwa fedheha. Ukikaribia mji, watu walivaa nguo zao bora, bunduki zikalia, wanawake wakapiga vigelegele, na mji wote ukatoka kutazama. Msafara ulioingia vizuri ulizungumzwa. Ulioingia umechoka na kutawanyika, hali kadhalika. Kipimo kilikuwa macho ya wenyeji.

Kipimo hichohicho kimepewa umbo kamili Usukumani, kaskazini mwa Tabora. Kwa vizazi kadhaa mashindano ya ngoma, mbina, yamewagawa watu katika kambi mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanazirudisha kambi hizo kwa waganga wawili waliokuwa pia mafundi wa ngoma, Ngika na Gumha. Walitaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi, wakakubaliana kupimana kwa kucheza. Tangu hapo, mavuno yakiisha na watu wakiwa na nafasi, kuanzia Juni hivi, vikundi viwili huingia uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna zamu. Kila upande una ngoma zake, wachezaji wake na manju wake, ambaye Wasukuma humwita ningi, na watazamaji wako huru kwenda huku na kurudi kule. Kikundi kinachovuta watu wengi zaidi na kuwashikilia ndicho kilichoshinda. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Quebec, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma, aliyaunganisha mashindano haya na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na sherehe hiyo ya Bulabo ingali ikikusanya vikundi hadi leo.

Tuitazame hesabu hii kwa makini, maana ni rahisi kuidharau na kuiita kelele za umati. Ni hesabu isiyosimama. Katika vinyoya, pointi ikishaandikwa imekaa; hakuna wa kuifuta. Katika mbina, watu waliokuja kwako saa sita wanaweza kukuhama saa tisa, na wewe unawaona wakiondoka, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Ndiyo maana vikundi vimebuni kila njia ya kumkamata mtazamaji: nyoka hai, wanyama, sanamu, majembe yanayorushwa juu na kudakwa kwa mdundo katika bugobogobo, na dawa ya mvuto ambayo mpaka leo wapo wanaoamini kwamba bila yake kikundi hakitoki nyumbani. Na kwa kuwa hakuna zamu, hakuna anayengoja. Kikundi chote kimo kazini tangu ngoma ya kwanza. Mchezaji aliyechoka anaonekana amechoka, na uchovu wake unawapunguzia watu wote.

Wanawake wamo ndani ya duara wakicheza na kuimba, na wamo pembeni wakiamua. Sitaki kuipamba desturi hii kupita kiasi: kwa muda mrefu majina makubwa ya manju yamekuwa ya wanaume, na mwanamke aliyesifiwa uwanjani hakuandikwa sana. Lakini mtazamaji mwanamke anapohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, hatua zake zina uzito uleule wa hatua za mzee mwenye ng'ombe 100. Sijui mahali pengi katika maisha ya zamani palipompa mwanamke kura ya wazi namna hiyo.

Lelemama ni ulimwengu mwingine. Wanawake wa pwani, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, walisimama kwa mstari, bega kwa bega, wamevaa sare, wakicheza kwa kujizuia: mwendo mdogo wa mikono, vidole, shingo. Ukiwa umetoka kwenye bugobogobo unaweza kudhani hakuna kinachotendeka. Nguvu ya lelemama iko kwenye mstari wenyewe. Mmoja akitangulia nusu hatua, mstari umevunjika, na jicho la mpinzani limeliona kosa hilo kabla yake. Ngoma hii ilisafiri kwenda bara pamoja na watu wa pwani waliofanya makao katika miji ya njia, Tabora na Ujiji, kama ambavyo ngoma ya beni, na kambi zake za Marini na Arinoti, ilivyosambazwa na askari na makarani.

Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wapinzani waliovuma ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Hapa hapakuwa na siku moja ya kuamua. Chama kimoja kilitoa ngoma yake, na nyimbo zake, na karamu yake, na mapambo yake. Chama cha pili kilipaswa kujibu. Kikijibu kwa kiasi kilekile, mashindano yaliendelea. Kikijibu kwa kuzidisha, cha kwanza kilirudi kujipanga. Aliyeshindwa ni yule aliyefika mahali akakosa jibu. Huu ni ushindani wa miezi na miaka, na ndani yake mlihesabiwa mambo ambayo uwanja wa michezo hauyaoni: nani amekata na kushona sare 40 zikafanana, nani amepika pilau ikatosha wageni, nani ametunga beti za kumchoma mpinzani bila kumtaja jina, nani amechangisha fedha. Vyama vilikuwa na viongozi wenye vyeo, na mwanamke ambaye mitaani hakuwa na sauti aliweza kuwa na cheo hapo. Wazao wa waungwana na wazao wa watumwa walisimama katika mstari mmoja, jambo ambalo sebule nyingi za mji hazikuliruhusu.

Ushindani huo ulikuwa na gharama, bila shaka. Fedha zilikwisha. Masheikh na waume walilalamika, na si kila lalamiko lilikuwa la wivu. Chama kilichotaka kumzidi jirani yake kiliweza kuziacha nyumba za wanachama wake tupu. Hata hivyo, vyama hivi viliwafundisha wanawake kazi ya kukusanya watu, kutunza fedha za pamoja na kufika mahali kwa wakati, na ujuzi huo haukupotea. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam kilichoitwa Bomba kabla hajawa sauti ya wanawake wa chama cha TANU mwaka 1955. Alipotakiwa kuleta wanachama alikwenda moja kwa moja kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Walikuwa tayari wameshajipanga. Walikuwa timu kabla mtu hajawaita timu.

Turudi kwenye wavu. Mashindano makubwa ya dunia ya timu za wanawake katika vinyoya yana kombe lililopewa jina la Betty Uber, mchezaji wa Uingereza. Yalianza msimu wa 1956-57, na Marekani ikashinda mara tatu za mwanzo, kabla Japani, Indonesia na kisha China hazijachukua nafasi yao katika historia. Kilichonivutia zaidi katika historia hiyo ni namna mpambano wenyewe ulivyobadilika. Hadi mwaka 1981 mataifa mawili yalipokutana yalicheza michezo 7: mitatu ya mmoja mmoja na minne ya wawili wawili. Kuanzia 1984 ikawa 5: mitatu ya mmoja mmoja, miwili ya wawili wawili. Ni mabadiliko makubwa. Katika mpango wa kwanza, taifa lililojua kulea jozi, wasichana wanaosikilizana bila kutazamana, lilikuwa na wingi wa michezo mkononi. Katika mpango wa sasa nyota watatu wanaweza kulibeba taifa zima, na jozi zikabaki kusaidia. Michezo ya Asia, ambako timu za wanawake zimeshindana tangu Jakarta mwaka 1962, nayo inafuata mtindo huohuo wa michezo 5.

Sheria ya mpambano inaficha jambo na inalinda jambo. Inaficha ukubwa wa ushindi: anayeshinda seti zake 21-5 na anayeshinda 22-20 wameiletea timu kitu kilekile, alama moja. Katika mbina jambo hilo lisingeeleweka. Kikundi kilichovuta watu wote na kikundi kilichopita kwa watu 10 haviwezi kurudi nyumbani na sifa sawa. Lakini sheria hiyohiyo inamlinda dhaifu. Mchezaji wa tatu wa mmoja mmoja hatakiwi kuwa na ubora wa wa kwanza. Anatakiwa kumshinda wa tatu mwenzake. Kocha haruhusiwi kuwapanga wachezaji wa mmoja mmoja apendavyo, maana wanafuatana kwa nafasi zao katika orodha ya ubora wa dunia, hivyo huwezi kumtoa kafara mchezaji dhaifu kwa nyota wa wapinzani ili nyota wako apate windo jepesi. Kila mmoja anakutana na wa kimo chake. Kwa msichana anayeanza, hiyo ni haki ya maana kuliko makofi ya umati.

Na umati, tukubali, huonea. Ukiwa mgeni Usukumani, ukicheza mbele ya shangazi na wajomba wa mpinzani wako, unajua watu watakaosimama kwake wangesimama kwake hata kama amelala. Hangzhou, Wakorea walicheza wakiwa wamezungukwa na Wachina waliokuja kuishangilia timu yao. Kama ushindi ungehesabiwa kwa miguu, Korea isingeshinda hata mchezo mmoja. Ubao wa matokeo hauna ukoo. Hapo ndipo ninapouheshimu mchezo huu wa raketi bila kusita.

Lakini ubao nao ni kipofu kwa namna yake, na hilo lilionekana London tarehe 31 Julai 2012, katika Olimpiki, kwenye mashindano ya wanawake wawili wawili. Makundi yalikuwa yamepangwa hivi kwamba kushindwa mchezo wa mwisho kuliweza kukupa mpinzani mwepesi katika hatua iliyofuata. Jozi nne, moja ya China, mbili za Korea Kusini na moja ya Indonesia, zikaanza kutaka kushindwa. Wanawake wa kiwango cha juu kabisa duniani wakapiga vinyoya wavuni na nje ya mstari, pigo la kuanzia moja baada ya jingine. Ubao uliendelea kuandika. Kwa ubao, hizo zilikuwa pointi kama pointi nyingine. Waliogundua kwamba hakuna mchezo unaochezwa ni watazamaji wa Wembley Arena, na walizomea. Kesho yake wachezaji wote 8 walifukuzwa mashindanoni.

Mimi naona tukio lile ni mbina iliyozuka katikati ya Olimpiki. Watazamaji hawakuwa na kura, kwa hiyo walitumia sauti, na walisema kile ambacho umati wa Bagika na Bagalu husema kwa kuondoka: hapa hakuna kitu. Katika mbina huwezi kutaka kushindwa leo ili ufaidike kesho, kwa sababu hakuna kesho iliyochorwa kwenye karatasi; kuna watu hawa, mchana huu. Katika lelemama pia usingeweza, kwa kuwa kukosa jibu kwa makusudi ni kuvunja jina la chama na majina ya mama zako waliokianzisha. Udanganyifu wa London uliwezekana kwa sababu hesabu ilikuwa imetenganishwa na macho. Baadaye ilibidi utaratibu wa kupanga hatua za mtoano ubadilishwe. Sheria ilirekebishwa ili ifanye kazi ambayo desturi zetu zimeiacha mikononi mwa watazamaji tangu awali. Mmoja wa waliofukuzwa, Greysia Polii wa Indonesia, aliendelea kucheza, na mwaka 2021 katika Olimpiki ya Tokyo alishinda dhahabu pamoja na Apriyani Rahayu. Nafurahi kila ninapolikumbuka hilo, maana adhabu ile ilimwangukia yeye wakati kosa kubwa lilikuwa la ratiba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo njia ya misafara inalijua kuliko ukumbi wa vinyoya: namna ya kuishi na uliyemshinda. Wachezaji wa vinyoya hushikana mikono juu ya wavu, na kinyoya kikigusa wavu na kuangukia upande wa pili kwa bahati, aliyepata pointi huinua mkono kuomba radhi. Ni adabu nzuri, ya ukimya. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na chombo kingine, utani. Watu waliokutana njiani na kupimana nguvu, Wanyamwezi na Wazaramo kwa mfano, waliufanya ushindani wao kuwa udugu wa matusi. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, akakunyang'anya kitu chako, na usikasirike. Na siku ya msiba yeye ndiye anayekuja kufanya kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu. Nyimbo za kuchomana za Bagika na Bagalu zina damu hiyo ndani yake, na nyimbo za lelemama zina kitu cha jamii hiyo, ingawa pwani sumu ilikuwa kali zaidi na iliweza kukaa miaka. Utani unampa aliyeshindwa kazi ya kufanya. Anayo haki ya kujibu, na anao wajibu wa kurudi.

Katika miaka ya karibuni Tabora imewahi kuwa mwenyeji wa fainali za kitaifa za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na katika mashindano hayo ngoma na kwaya hushindaniwa pamoja na mpira wa miguu, netiboli, mikono, wavu na riadha. Ni michezo mingi chini ya paa moja, na ni mahali pa nadra ambapo msichana wa mkoa mmoja anaweza kucheza netiboli asubuhi na kumtazama mwenzake akicheza ngoma jioni. Vinyoya vikiingia katika shule za mkoa kama Tabora, nashauri viingie kwa mlango huo, kama mashindano ya timu tangu siku ya kwanza. Tukianza na bingwa mmoja wa mkoa tutapata bingwa mmoja wa mkoa, mwenye raketi nzuri kuliko wenzake kwa kuwa baba yake ana duka.

Kuna vikwazo vya kweli. Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 ya bata au bata bukini, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Upepo wa kiangazi wa Unyamwezini unakibeba kama hakina mwenyewe. Bila ukumbi, mchezo wa kweli hauwezekani, na kumbi za shule nyingi ndizo mabwalo ya chakula, zenye dari fupi na meza zisizohamishika. Shirikisho la dunia la mchezo huu lilizindua mwaka 2019 aina ya vinyoya vya kuchezea nje pamoja na sheria zake, na hilo linafaa kwetu zaidi ya kusubiri kumbi. Uwanja wenyewe ni mdogo, urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1 kwa wawili wawili. Penye uwanja mmoja wa netiboli utapata nafasi ya viwanja viwili vya vinyoya na sehemu ya watu kusimama.

Kuhusu sheria, ningeomba mabadiliko mawili kwa ngazi ya shule. La kwanza, michezo yote 5 ichezwe, hata kama timu imekwisha kupata mitatu, na matokeo yaandikwe 5-0, 4-1 au 3-2, yaingie kwenye msimamo wa kundi. Msichana aliyefanya mazoezi muhula mzima, akasafiri kwa basi kutoka Urambo au Sikonge, asirudi nyumbani bila kushika raketi kwa kuwa wenzake wameshinda haraka. La pili, turudi kwenye wingi wa jozi: michezo miwili ya mmoja mmoja, mitatu ya wawili wawili. Hapo shule inahitaji wasichana 8 wa kweli, na mwalimu hawezi kujificha nyuma ya nyota mmoja. Jozi hufundisha kile ambacho mstari wa lelemama ulikifundisha, kwamba nusu hatua yako ni shida ya mwenzako.

Na watazamaji wasikalishwe kimya. Mchezo wa vinyoya una desturi ya utulivu wakati wa pigo la kuanzia, na hilo liheshimiwe, lakini kati ya mchezo na mchezo shule ipewe nafasi ya kuimba dhidi ya shule, kwa beti zilizotungwa, na mwisho wa siku walimu wa ngoma wawape alama. Alama hizo zisiguse matokeo ya raketi. Ziwe na kikombe chake. Wasichana wanaotunga, wanaoshona sare na wanaopika waandikwe kwenye karatasi ya timu kwa majina, kama wachezaji wanavyoandikwa.

Hili la kucheza michezo yote 5 si wazo geni hata kwenye Uber Cup yenyewe. Katika hatua ya makundi ndivyo inavyofanywa. Mwaka 2024, mjini Chengdu, wanawake wa Uganda waliiwakilisha Afrika katika kundi moja na Indonesia, Japani na Hong Kong. Indonesia na Japani ndizo zilizosonga mbele, kama ilivyotarajiwa. Lakini kwa kila mpambano Uganda ilipanga michezo 5 na ikaicheza mitano, jozi zake mbili zikisimama hata mbele ya jozi za nchi zilizowahi kulichukua kombe hilo. Hao ni majirani zetu, wanaoishi mwisho wa ule mkono wa kaskazini wa njia iliyogawanyika Tabora. Wakialikwa kuja kucheza na wasichana wa hapa kwa wiki moja, wakati wa likizo ya Juni, watatushinda, na watakuwa na mengi ya kutuonyesha katika mchezo wa kwanza na katika wa tano.